Barafu ya Mpeasi

Baba alikuwa wa chumba cha baridi,
kiwanda cha minofu, zamu ya usiku.
Alfajiri alipanda kilima cha Bwiru na ndoo,
ndani vipande vya barafu vinanuka sangara,
akavimwaga shinani mwa mpeasi
taratibu, kama anayemnawisha mgonjwa miguu.

"Huu ni mti wa Njombe," alisema.
"Kwao umande huganda ukawa chumvi juu ya majani.
Usipolala, hauzai."
Mama, akichambua dagaa, hakuinua uso:
"Na mimi nisipolala?"

Miche ilikuwa miwili.
Wa pili kibandiko chake kililowa ndani ya basi,
wino ukakimbia, ikabaki herufi moja
ambayo labda ilikuwa K, labda mkunjo.
Nyanzobe wa jirani alisema ni mpera uliodumaa.
Pimbi hawakujali jina. Walishuka kutoka kwenye majabali
wakala ncha zake, wakarudi kuota jua
wakitutazama kama wenye nyumba.

Julai ilipofika, ziwa limetulia kama bati,
baba alitupandisha juu ya mawe, mimi na Ngollo,
tukainyonyoa miti majani kwa vidole
kama kuku wa sikukuu,
mpaka yote miwili ikasimama uchi
katikati ya mtaa wa kijani.
"Tunaidanganya," alisema. "Idhani baridi imefika."
Alisema kwa kunong'ona, isije ikasikia.
Wenye madumu ya maji walipunguza mwendo.
Mmoja alitema mate pembeni, akaongeza hatua.

Mwaka wa nne ule usio na jina ulizaa manane,
rangi ya jaketi la kuokolea la kivuko cha Kamanga.
Ngollo akauma moja papo hapo.
Ukakasi ukamshika ulimi, mashavu, hadi masikio;
akaongea kama aliyemeza blanketi.
Baba alicheka mpaka akakaa chini.
Saba aliyafukia kwenye pipa la mchele na ndizi mbivu,
na kila tukiuliza, jibu likawa: kesho.
Basi mama akalibatiza. Kesho.
"Nenda kaangalie Kesho kama imelainika."
Siku ya tisa tuliichota kwa vijiko.
Nyanzobe alipiga hodi, tukanyamaza,
tukala haraka zaidi.

Mpeasi, na barafu yake yote, kimya.

Halafu sangara wakapungua.
Kiwanda kilifunga mlango mmoja, kisha wa pili, kisha geti.
Baba alirudi mchana, jambo ambalo hatukulijua,
viatu vyeupe vya mpira mguuni,
ndoo tupu.
Julai hiyo hakunyonyoa chochote.
Alikaa kizingitini akihesabu mijusi.

Usiku mmoja wa Januari wadudu wa ziwani
walipanda kama moshi wa jaa linaloungua.
Asubuhi mpeasi ulikuwa mweusi wote.
Nikautikisa, wakamwagika mamia, wamekufa,
na pale walipobanduka
ua.
Jeupe, moja, limekunjamana kidogo
kama shati lililolaliwa.

Nilimwita. Alikuja na viatu vile vya kiwandani.
Hakuligusa.
"Nani kakupa baridi?" aliuliza, si mimi.

Peasi lilikuwa moja pia.
Dogo, gumu, kahawia kama jabali lililo nyuma yetu.
Mama aliligawa kwa kisu cha samaki, vipande vinne,
na lilisaga menoni, changarawe tupu,
na utamu ukifuata nyuma, umechelewa, unahema.
"Limekula mawe yetu," mama alisema,
akatema mbegu kiganjani, akaifunga ncha ya kanga.

Kipande chake baba alikishika tu
mpaka kikabadilika rangi.
Kisha akanishika mkono, akazitazama kucha zangu.
"Usizikate," alisema.
"Julai hii hapa."